Jezi inavuka Horohoro, jina linabaki BRELA

UKISHUKA kwenye basi pale Segera, wilayani Handeni, hata kabla hujachimba dawa macho yanakutana na jezi. Nyekundu ya Msimbazi na njano ya Jangwani zinaning'inia jirani, utani wa jadi ukiendelea hata kwenye kamba ya muuzaji.

Segera ndipo barabara ya kutoka Dar es Salaam inapogawanyika. Ukichukua kulia unakwenda Tanga mjini, Horohoro, halafu Mombasa. Ukichukua kushoto unaingia Korogwe, Mombo, Same, Moshi na kumalizia Arusha, kunakojengwa uwanja kwa ajili ya AFCON 2027. Fainali hizo zimepewa nchi tatu kwa pamoja: Tanzania, Kenya na Uganda.

Kwa hiyo vijana wa Handeni na Korogwe wamekaa palepale shabiki anapopita. Wanaojua kushona na kuchapa jezi wana dili mkononi. Lakini ndani ya dili hilo kuna mtego ambao wengi hawauoni mpaka wameshafungwa bao.

Chukulia kijana wa Chanika, mjini Handeni, mwenye cherehani tatu. Ameanza kwa kushona jezi za timu za ndondo za mtaani. Akabuni jina lake mwenyewe na nembo ya jani la mkonge, zao linalojulikana kila kona ya Korogwe. Jezi ikapendwa. Timu za Manundu zikaagiza, za Mombo zikafuata, na siku moja mteja wa Mombasa akapiga simu akitaka pisi 200.

Hapo mtaani watu watampongeza kwamba kijana ametoboa. Swali ambalo hakuna anayemuuliza ni hili: mzigo ukishavuka Horohoro na kuingia Lungalunga, lile jina ni la nani?

USAJILI NI USAJILI

Shabiki wa soka analielewa jambo hili kuliko anavyodhani. Mchezaji aliyesajiliwa TFF hawezi kuamka asubuhi akacheza ligi ya Kenya kesho yake. Lazima itoke Hati ya Uhamisho wa Kimataifa, ile ITC inayowatoa jasho viongozi wa klabu kila dirisha la usajili.

Alama ya biashara nayo inasajiliwa kwa nchi. Tofauti ni kwamba yenyewe haina ITC. Cheti cha BRELA kinalinda jina Tanzania Bara tu. Kikifika Kenya ni karatasi nzuri ya kumbukumbu. Ukitaka ulinzi wa huko, unasajili upya huko.

Na kama kuna mjanja wa Mombasa aliyeiona jezi, akaipenda na kuwahi kuandikisha jina lile kwao, yule kijana wa Chanika ndiye anayeweza kuonekana mwizi wa jina alilolibuni yeye. Ataweza kwenda mahakamani na kudai kwamba yeye ndiye aliyelitumia kwanza, ila kesi ya nchi ya watu inataka wakili, ushahidi na nauli.

HATA NEYMAR ALIWAHIWA

Anayedhani haya ni mambo ya wadogo tu amkumbuke Neymar. Desemba 2012, akiwa bado Santos ya Brazil, raia mmoja wa Ureno alipeleka ombi la kusajili neno NEYMAR kama alama ya biashara ya nguo katika Umoja wa Ulaya. Mwaka 2013 akapewa. Majira ya joto ya mwaka huohuo Neymar akatua Barcelona, na kukuta jina lake Ulaya lina mwenyewe.

Ilichukua miaka kulirudisha. Kambi ya Neymar iliomba usajili huo ufutwe, na Mei 14, 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg ikakubaliana na uamuzi wa kuufuta. Yule Mreno alijitetea kwamba wakati ule hakujua kama Neymar ni nyota anayechipukia. Majaji hawakumwelewa, hasa kwa kuwa siku ileile alikuwa ameomba pia jina la IKER CASILLAS.

Neymar alishinda kwa sababu alikuwa na umaarufu, picha, magazeti na mawakili wa kuthibitisha kwamba jina lilichukuliwa kwa nia mbaya. Fundi wa Chanika hana hata kimoja kati ya hivyo. Kwake yeye, kuchelewa ndiko kupoteza.

'SI ORIJINO' HAIKUOKOI

Kuna upande wa pili, na huu unawagusa wanaotundika jezi stendi ya Korogwe na pale Segera. Klabu kubwa nazo zinasajili majina yao, na zinapofanya hivyo hazina utani.

Arsenal ilisajili jina lake, lile la 'Gunners' na nembo zake Uingereza mwaka 1989. Nje ya Highbury kulikuwa na mfanyabiashara aliyekuwa akiuza skafu na jezi tangu 1970, na aliweka bango kabisa kuwaambia wateja kwamba baadhi ya vitu vyake si rasmi. Arsenal ikamburuza mahakamani. Novemba 12, 2002 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikatoa msimamo ulioipa nguvu klabu, na 2003 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikamaliza mechi: Arsenal ikashinda. Bango lake halikumsaidia.

Hapa kwetu, mzigo feki unashughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC) kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Kwa hiyo kijana anayetaka kufaidika na AFCON kwa kuchapa nembo ya mashindano au ya klabu bila leseni, huyo ameotea kabla hajapiga mpira. Njia salama ni kuuza cha kwako, chenye jina lako.

SIMBA WAKO WENGI

Wengine wanakata tamaa mapema: "Jina lenyewe zuri wameshalichukua." Si lazima iwe hivyo. Mkoa wa Tanga ni mfano mzuri. Ukitaja Simba hapa, mmoja anafikiria klabu ya Msimbazi, mwingine anafikiria mfuko wa saruji ya Tanga Cement. Watoto nao wanamjua Simba wa filamu ya The Lion King ya 1994.

Wote wanaishi kwa sababu bidhaa zimegawanywa katika mafungu 45 ya kimataifa, yanayoitwa madaraja. Saruji iko daraja la 19. Nguo, viatu na kofia ziko la 25. Vifaa vya michezo la 28, na burudani na shughuli za michezo la 41. Anayeomba anataja daraja analolitaka, na kila linaloongezwa lina gharama yake.

Disney hiyohiyo ilisajili maneno ya Kiswahili 'Hakuna Matata' kwa ajili ya nguo Marekani. Ombi lilipelekwa 1994, usajili ukatoka 2003, na 2018 kukawa na kelele kubwa mtandaoni za kuipinga. Hasira ilikuwa na haki yake, lakini usajili ule ni wa Marekani. Haumzuii fundi wa Korogwe kuchapa fulana na kuiuza Korogwe. Ila akitaka kuiuza Marekani, atakutana nao.

NCHI TATU, OFISI NNE

Turudi kwenye AFCON ya nchi tatu. Anayetaka jina lake litambe kote anakutana na ofisi nne, si tatu. Tanzania Bara ni BRELA. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na usajili wa Bara hauvuki bahari. Kenya ni KIPI, na Uganda ni URSB.

Hata muda wa cheti hautofautiani kwa bahati mbaya tu; kila nchi ina sheria yake. Bara usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Kote Bara na Kenya, ombi likikubaliwa linatangazwa kwenye jarida, na mwenye pingamizi ana siku 60 kuliweka.

Mgeni anayeomba Kenya anapitia wakala au wakili aliyeidhinishwa huko. Ndiyo maana hesabu ifanywe mapema: ada ya serikali, ada ya wakala, na idadi ya madaraja. Asiye na mfuko mnene achague nchi moja ambako mteja yupo kweli, na daraja moja, lile la 25. Kusajili kila mahali bila kuuza ni kama kusajili mshambuliaji na kumwacha benchi. Kenya, alama isiyotumika miaka 5 inaweza kuombewa kufutwa.

Ipo pia Itifaki ya Banjul ya 1993 chini ya ARIPO, yenye makao Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama, Tanzania na Uganda zikiwemo.

DIRISHA LA MIEZI SITA

Habari njema ni kwamba kuna dirisha la usajili hapa pia. Chini ya Mkataba wa Paris, ambao Tanzania na Kenya zote ni wanachama, aliyepeleka ombi lake la kwanza nyumbani ana miezi 6 ya kupeleka ombi kama hilo nchi nyingine na kudai tarehe ileile ya kwanza.

Maana yake ni hii. Kijana wa Chanika akiomba BRELA leo, kupitia mfumo wao wa mtandaoni, na mjanja akaomba Mombasa mwezi ujao, bado kijana anaweza kumpita. Mradi apeleke ombi lake KIPI kabla ya miezi 6 kuisha na aseme wazi kwamba anadai tarehe ya BRELA. Baada ya hapo dirisha limefungwa, na anapanga foleni kama wengine.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu: kwanza apekue kama jina lipo, kisha BRELA, kisha nchi ya mteja ndani ya miezi 6, ndipo mzigo upakiwe kwenye basi. Wengi wanaanza na basi.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni lami, na kutoka Korogwe hadi mpakani ni safari ya siku moja. Jezi itafika tu. Jina lisipotangulia, atakayelikuta ni mwenyeji.