Dawa za mimea zasaka soko kwenye mikaratusi

Mteja anayeingia duka la pembejeo Gisimenti, Kigali, kutafuta dawa ya mchwa huuliza kwanza kama inaua. Hapo ndipo biashara ya mafuta ya mwarobaini inapokwama. Azadiraktini iliyomo humwondolea mdudu hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wake, hivyo hudhoofika polepole au hushindwa kujivua gamba. Mwenye miche anapowaona wadudu bado wanatembea siku ya tatu, hurudi dukani na chupa mkononi.

Mfanyabiashara mmoja, aliyeomba jina lake lisitajwe, anasema malalamiko hayo humwangukia yeye peke yake. Mwarobaini haustawi vizuri kwenye nyanda za juu za Kigali, kwa hiyo mafuta hutoka nje. Usiku wa baridi yanaganda kama samli, na asubuhi huyapasha kwenye maji vuguvugu kabla ya kuyapima, huku harufu kali kama ya kitunguu saumu ikijaa dukani. Jua nalo huivunja azadiraktini haraka, ndiyo maana chupa huwekwa gizani. Kinachomkera zaidi ni usajili: kwa maelezo yake, dawa ya mmea hudaiwa makaratasi yaleyale ya kiuatilifu cha kemikali, ilhali mauzo yake ni madogo.

Ofisa mmoja anaona soko kubwa la dawa hizi misituni. Hoja yake ni asilimia 30.4, sehemu ya ardhi ya Rwanda iliyotangazwa mwaka 2019 kuwa imefunikwa na misitu. Lakini takwimu hiyo hupima eneo, haisemi miti ina afya gani wala nani atalipia dawa. Misitu mingi ya kupandwa ni mikaratusi, na mkulima husubiri miaka kabla ya kuuza nguzo. Ni vigumu kumwona akinyunyizia shamba zima. Isitoshe, nyigu anayesababisha vinundu kwenye majani hukulia ndani ya jani, mahali ambapo dawa ya juujuu haimfikii vizuri. Wateja wa kweli, kwa sasa, ni wenye vitalu na wakulima wa mboga.

Sayansi ya dawa za mimea si ngeni katika ukanda huu. Mwaka 1976 watafiti walieleza kemikali ya gome la msokonoi inayowafanya viwavijeshi wakatae kula. Hata hivyo, gome hilo hutafutwa pia kwa tiba, na mti uliochunwa kuzunguka shina lote hukauka. Mmea mwingine, utupa, huota kirahisi, ila ni sumu ya samaki; hautakiwi karibu na mito.

Pareto ya Musanze ndiyo yenye mnyororo kamili, kutoka shambani hadi kiwandani. Mwaka 1969 maelfu ya hekta za Hifadhi ya Volkeno zilitengwa kwa ajili yake. Pareto huangusha mdudu haraka, jambo linalompendeza mteja, ingawa nayo haidumu juani na sehemu kubwa huuzwa nje ya nchi. Iwapo sehemu ya zao hilo itabaki kwa ajili ya vitalu, wauzaji wanadhani bei inaweza kushuka. Mfanyabiashara wa Gisimenti ana shaka, na hajaagiza shehena nyingine.