Irabu Tano kwa Sikio la Irabu Saba: Mafunzo ya Awali ya Kusoma katika Shule za Chekechea za Nyeri

1. Utangulizi

Ramani huandika Nyeri na Othaya. Kikuyu huandika Nyĩrĩ na Ũthaya. Tofauti hiyo si pambo la herufi. Sauti ni ile ile, lakini kila mwandishi ameiandika kwa kanuni za lugha yake. Mtoto wa miaka minne anayeingia shule ya chekechea huko Karatina hukabiliwa na tatizo lilo hilo kabla hajajua kushika kalamu. Makala haya yanakusudia kueleza tatizo hilo na athari zake katika kufundisha kusoma.

2. Sauti na Herufi

Kikuyu kina irabu saba: i, ĩ, e, a, o, ũ, u. Kiswahili kina tano. Irabu ĩ hutamkwa karibu na e ya Kiswahili, na ũ karibu na o. Ilhali e na o za Kikuyu hutamkwa kwa kinywa kilicho wazi zaidi. Kwa hiyo mwalimu anapoimbisha a, e, i, o, u, huwapa watoto vyombo vitano vya kutilia sauti saba. Kiingereza huzidisha utata, kwani humo herufi e huitwa "ii", na i huitwa "ai".

Kwa upande wa konsonanti, mambo matatu yafaa kutajwa:

(a) Kikuyu hakitofautishi l na r. Hivyo kula na kura, mahali na mahari, huweza kusikika kuwa neno moja.

(b) Herufi th katika Kikuyu huwakilisha sauti ambayo Kiswahili huiandika dh. Mtoto aliyezoea mũthenya (mchana) ataisoma thelathini kwa sauti hiyo hiyo.

(c) Kiambishi kĩ- hugeuka gĩ- kikifuatwa na silabi inayoanza kwa k, t, c au th: kĩondo, lakini gĩtĩ (kiti) na gĩkombe (kikombe). Mtoto asemaye "gikombe" anafuata kanuni, habahatishi.

Hapa ndipo penye hatari. Makosa ya matamshi yakihesabiwa kuwa makosa ya kusoma, mtoto aliyetambua neno barabara huonekana mzito wa akili. Njia ya kupambanua ni nyepesi: aonyeshwe picha za kikombe na kiti, kisha aelekeze kidole penye neno alilosoma. Akielekeza sawa, amesoma. Kilichobaki ni zoezi la ulimi.

3. Sera ya Lugha

Mwaka 1964 Tume ya Ominde ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza lugha inayotawala katika eneo la shule itumiwe katika madarasa ya awali na miaka mitatu ya kwanza ya msingi. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti. Hata hivyo "lugha ya eneo" si moja kila mahali. Vijijini Tetu ni Kikuyu; mjini Nanyuki, wanakokutana Wakikuyu, Wameru, Wasamburu na Wasomali, Kiswahili ndicho kiunganishi.

4. Utaratibu Ufaao

Yafuatayo yanatokana na maelezo hayo. Kwanza, sikio litangulie jicho. Vitendawili vinavyofunguliwa kwa "Gwata ndaĩ" na kujibiwa "Ndagwata", sawa na "Kitendawili" na "Tega", humzoeza mtoto kusikiliza silabi na kupima maneno. Pili, penye Kikuyu, irabu saba zifundishwe zote na alama zake, kisha Kiswahili kiingizwe kwa kulinganisha. Tatu, jozi kama kula na kura zichezwe kwa mdomo kabla ya kuandikwa.

5. Hitimisho

Mtoto wa Nyeri haji shuleni mikono mitupu. Huja na mfumo kamili wa sauti. Mwalimu asiyeufahamu mfumo huo atasahihisha kisichokosewa. Wajibu wa idara za lugha ni kuhakikisha kwamba fonolojia ya lugha za nyumbani inamfikia mwalimu wa chekechea, kwani ndiye anayeihitaji mapema kuliko wote.