Gofu Lina Wenyewe

Mchezo wa kuzuru magofu umetufikia kwa njia ya simu. Kijana wa Tanga au Mombasa anatazama video za vijana wa Ulaya wakipenya hospitali zilizofungwa, viwanda vilivyokufa na vituo vya treni vya chini ya ardhi. Kisha anaugeukia mji wake na kuona kwamba magofu hayakosi: nyumba ya ghorofa iliyootwa na mkuyu ukutani, godauni la mkonge lisilo na paa, hospitali ya zamani ya Wajerumani pale Bombo, Tanga, inayotazama bahari. Anachukua kamera na tochi, anamwita rafiki, wanaruka ukuta. Video hazikumwambia kwamba wale wenzake wanaruka ukuta chini ya sheria nyingine kabisa, na kwamba jengo la huku limeachwa kwa sababu zake.

Namwelewa kijana huyo. Gofu linafundisha historia kuliko kibao chochote cha makumbusho, na picha nzuri ya jengo linalokufa huenda ikawa kumbukumbu pekee itakayobaki. Ndiyo maana nataka arudi nyumbani salama, bila kesi.

Tuanze huko mchezo ulikopata jina. Jeff Chapman wa Toronto, Kanada, alianzisha mwaka 1996 kijarida kilichoitwa Infiltration, akisimulia namna ya kuingia mahali ambapo umma haukukaribishwa. Alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 31, lakini kijarida chake kilikuwa kimekwisha kuwapa watu wa mabara mengi lugha moja na adabu moja: usivunje, usiibe, usiharibu. Adabu hiyo ina maana kubwa kisheria pia. England na Wales, kuingia kwenye mali ya mtu bila ruhusa kwa kawaida ni shauri la madai. Mwenye mali anaweza kukudai fidia au kuomba zuio la mahakama, ila kitendo hicho peke yake mara nyingi si jinai. Jinai huanza ukivunja kufuli, ukichukua kitu, au ukiingia eneo lenye sheria zake kali, mfano njia ya reli.

Hata huko, mstari huo ni mwembamba. Bradley Garrett, Mmarekani aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika chuo cha Royal Holloway cha Chuo Kikuu cha London, aliishi miaka kadhaa na kundi la wapenzi wa mchezo huu ili autafiti. Walipanda jengo la Shard likiwa bado linajengwa, wakaingia vituo vya treni vilivyofungwa. Mwaka 2012 alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Heathrow, na polisi wakachukua vifaa vyake vya utafiti. Kesi iliisha mwaka 2014: alikiri makosa ya kuharibu mali, akaachiwa kwa masharti ya miaka mitatu na kuamriwa kulipa gharama za pauni 2,000. Mtu aliyekuwa na chuo nyuma yake, mawakili, na hoja kwamba alikuwa kazini kama mtafiti, alisumbuka karibu miaka miwili. Japani ni kali zaidi kwa maneno yenyewe ya sheria: Sheria ya Makosa Madogo ya mwaka 1948 inataja waziwazi kwamba kujificha bila sababu ndani ya jengo lisilokaliwa na lisilolindwa ni kosa.

Sasa turudi kwetu. Nchini Kenya, Sheria ya Uingiaji Mali, Sura ya 294, inamfanya mkosaji mtu yeyote anayeingia au kubaki kwenye ardhi ya binafsi bila ruhusa ya mkaaji wake na bila sababu ya maana. Kifungu kidogo kinachofuata ndicho kinachopaswa kumtia hofu mwenye kamera: mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na ruhusa, au sababu, ni wake mshtakiwa. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mtu aliyekutana naye getini haitamfikisha mbali.

Tanzania Bara, kosa la kuingia kwa jinai liko katika kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu, na linahitaji nia: uwe umeingia ili utende kosa, au umtishe, umtukane au umuudhi mwenye kumiliki mahali hapo. Adhabu yake ni kifungo cha hadi miezi mitatu. Kwa maandishi hayo mpiga picha ana utetezi mzuri. Lakini soma mbele: jengo likiwa linatumika kama makazi ya watu, adhabu inapanda hadi mwaka mmoja. Na magofu yetu yanakaliwa. Kuna mlinzi aliyetandika mkeka chumba cha nyuma, kuna familia iliyoshindwa kodi, kuna vijana wasio na pa kulala. Wewe unaona gofu, mwenzako anaona nyumbani. Zanzibar nayo ina sheria yake ya adhabu, kwa hiyo anayevuka bahari asidhani anavuka na kanuni zilezile.

Kuna pia kosa la uzururaji, ambalo askari hulikumbuka haraka anapomkuta mtu karibu na jengo saa za usiku bila maelezo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika. Ni maoni mazito na mema. Hata hivyo utetezi wa kisheria husikilizwa mahakamani, na kabla ya mahakama kuna mahabusu.

Kabla ya mahabusu kuna mtaa, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Mtu mgeni akionekana akitoka dirishani usiku na begi mgongoni, neno moja tu la "mwizi!" linatosha. Watu wanaokimbia na mawe hawaulizi kama begi lina lenzi au nyaya zilizoibwa. Video za London hazina hatari hii, na ndiyo inayoweza kumuua kijana wetu hata pale sheria ingemwachia huru.

Halafu kuna swali la kwa nini jengo limeachwa. Wengi hudhani nyumba tupu haina mwenyewe. Katika miji ya pwani, mara nyingi nyumba imekuwa tupu kwa sababu wenyewe ni wengi mno. Babu alifariki, mirathi haikugawanywa, warithi wakawa ishirini, wengine Muscat, wengine Toronto, wengine hapo hapo mtaa wa pili, na hakuna anayeweza kuuza au kukarabati bila wenzake. Nyumba nyingine ni wakfu. Nyingine, kwa upande wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Kila gofu la aina hii lina kidonda cha ukoo au cha siasa ndani yake, na mgeni anayepita na kamera anaonekana kirahisi kuwa ametumwa na upande mmoja. Katika magofu ya kale kama Kaole, karibu na Bagamoyo, watu wanakwenda kuomba na kuacha sadaka makaburini. Hapo kugusa kitu tu ni kuwakosea.

Jengo lenyewe pia lina hatari yake. Nyumba za mawe za pwani zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji huteremka ndani ya ukuta, chokaa inalegea, na vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani vinaoza vya kwanza, mahali jicho lisipofika. Sakafu inaonekana nzima mpaka ikanyagwe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri ya Mji Mkongwe wa Zanzibar iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katikati ya ukarabati, ikaua watu wawili. Lilikuwa jengo lenye mafundi na usimamizi. Lile uliloingia kwa dirisha halina hata mmoja wa kujua kwamba uko ndani.

Na usichukue chochote. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Tanzania Bara inahesabu jengo lililojengwa kabla ya 1863 kuwa kumbukumbu ya kale, na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 kuwa vitu vinavyolindwa, ambavyo havitolewi nchini bila leseni. Kipande cha fremu unachookota uende nacho kama ukumbusho kinaweza kukuondoa kwenye kundi la wapiga picha na kukuweka kwenye la wezi wa mali ya taifa.

Njia halali ipo na ni ya kwetu: piga hodi. Zanzibar anza kwa sheha, Bara kwa mwenyekiti wa mtaa, Kenya kwa chifu. Wao wanajua ufunguo uko kwa nani na ugomvi uko wapi. Nyumba ya wakfu ina msimamizi wake. Jengo la kale lina ofisi ya mambo ya kale. Omba barua yenye jina lako, tarehe na saa, nenda mchana, mlipe mlinzi akutembeze, na drone iache nyumbani mpaka upate kibali cha mamlaka ya anga.

Serikali za mitaa na kamisheni za wakfu nazo zina kazi. Namibia ina mji wa Kolmanskop, ulioachwa na wachimba almasi na kumezwa na mchanga. Umo ndani ya eneo la almasi lililokuwa limefungwa kwa watu kwa miaka mingi, na leo mgeni anakata kibali, anaingia mchana na kupiga picha apendavyo. Hakuna linalozuia Tanga, Bagamoyo au Lamu kufanya vivyo hivyo kwa majengo machache yaliyokaguliwa na mhandisi, ada ikaenda kwenye mishahara ya walinzi na kuziba mapaa. Vijana wenye kamera wako tayari kulipa, na boriti zilizobaki hazitasubiri vikao vingi.