Risasi Mwilini: Kweli au Si Kweli?

Owino Uhuru ni mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi wake walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya risasi iliyotoka kiwandani humo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha hukumu hiyo baada ya kutenguliwa kwenye rufaa. Maneno mengi kuhusu madini ya risasi bado yanazunguka mitaani, na baadhi yake yanaua.

"Risasi huwadhuru watoto tu."
Si kweli. Mtoto huumia upesi kwa kuwa ubongo wake bado unajengeka. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa risasi ilihusika na vifo zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2021, vingi vikiwa vya maradhi ya moyo na mishipa. Mzee ameanguka kwa kiharusi, na msibani hakuna anayetaja betri.

"Chembe nyeupe za damu zitaimeza sumu iishe."
Si kweli, na hapa tutulie kidogo. Bakteria akimezwa husagwa akaisha. Risasi ni metali, haisagiki. Huchochea kemikali kali za oksijeni zinazochubua utando wa ndani wa ateri na kuiharibu lehemu (kolesteroli) iliyopenya ukutani mwake. Chembe nyeupe huja kusafisha, zikaila lehemu hiyo hadi zikajaa mafuta na kukwama palepale. Wataalamu huziita seli za povu. Zikirundikana, mshipa huanza kuziba, na waliozibia njia ni walinzi wa mwili wenyewe.

"Sigara ina metali yenye sumu."
Kweli. Mtumbaku hufyonza kadimiamu, metali yenye sumu kama risasi, kutoka udongoni na kuihifadhi majanini.

"Damu ikipimwa ikawa safi, umepona."
Si lazima. Baada ya wiki kadhaa risasi huhama damuni ikajificha mifupani, ambako mwili huipokea kama kalsiamu. Hukaa huko miongo, kisha hurudi damuni wakati wa ujauzito au uzeeni.

"Dripu ya kusafisha damu huzuia mshtuko wa moyo."
Haijathibitika. Dawa ya EDTA, inayotolewa kwa dripu hiyo, huwasaidia waliolemewa na risasi. Lakini utafiti wa TACT2, uliotolewa 2024, uliwapa dripu hiyo wagonjwa wa kisukari waliowahi kupata mshtuko wa moyo. Risasi damuni ilishuka kwa asilimia 61, ila mishtuko haikupungua. Anayekuuzia dripu kwa ahadi hiyo anakula fedha zako.

"Fundi wa betri huileta risasi nyumbani."
Kweli kabisa. Vumbi hushika nguo, nywele na viatu. Aoge na kubadili nguo kabla hajambeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.