Kama vita ya 1914 isingetokea, mpaka wetu ungekuwa wapi?

WIKI ya mwisho ya Juni 1914, manowari za Uingereza zilikuwa zimetia nanga katika bandari ya Kiel, Ujerumani. Hazikwenda kupigana. Zilialikwa kwenye sherehe za mashindano ya mashua, na maofisa wa pande zote mbili walikuwa wakikaribishana chakula.

Jumapili tarehe 28 ikafika habari kwamba Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria, ameuawa pamoja na mkewe mjini Sarajevo. Wiki tano baadaye wenyeji na wageni wale walikuwa vitani.

Tumezoea kuambiwa kwamba vita ile haikuwa na njia ya kuepukika, eti mataifa makubwa yalikwishajaa silaha na chuki. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Siku ile dereva wa mwana mfalme alikata kona isiyo yake, gari likasimama karibu kabisa na kijana Gavrilo Princip aliyekuwa na bastola. Tena aliyeuawa ndiye aliyekuwa akiwazuia majenerali wa Vienna wasiivamie Serbia.

Tuseme basi gari lilipita njia sahihi. Je, wakubwa wale wangeishi vipi na ugomvi wao? Na sisi tunaovuka Kobero, Rusumo, Bunagana na Gisenyi na mizigo yetu, au tuliovuka na watoto mgongoni tukirejea kutoka kambini, tungekuwa wapi?

Walikwishajua kupatana

Mwaka 1898 Uingereza na Ufaransa zilikaribia kupigana kwa sababu ya Fashoda, kituo kidogo kando ya mto Nile huko Sudan. Ufaransa ikarudi nyuma. Aprili 1904 mahasimu hao wakatia saini makubaliano: Mwingereza aachiwe Misri, Mfaransa aachiwe Moroko.

Ujerumani haikushirikishwa, ikakasirika. Mwaka 1911 ikapeleka manowari Agadir, pwani ya Moroko. Hapo pia bunduki hazikulia. Novemba mwaka huo Ujerumani iliiachia Ufaransa Moroko, nayo ikalipwa ardhi ya zaidi ya kilomita za mraba 250,000, iliyokatwa kutoka makoloni ya Ufaransa na kuunganishwa na Kamerun. Ardhi hiyo ilikuwa na ndimi mbili zilizofika hadi mto Kongo na mto Ubangi.

Vita vya Balkan vilipozuka mwaka 1912, mabalozi wa mataifa makubwa walikutana London chini ya waziri Edward Grey wakazuia moto usisambae. Na Juni 15, 1914, siku 13 tu kabla ya Sarajevo, wajumbe wa Uingereza na Ujerumani walikubaliana rasimu ya mkataba kuhusu reli ya Baghdad, jambo lililowagombanisha kwa miaka mingi.

Kwa hiyo naona kwamba bila vita ugomvi usingekwisha, ila ungeendelea kwa mikopo, reli na mikataba. Urusi ilikuwa ikipata nguvu haraka, na huko Uajemi, nchi waliyogawana mwaka 1907, Waingereza walikwishaanza kuchoshwa nayo. Si ajabu London ingesogea tena karibu na Berlin. Austria na Hungaria zilikuwa na mapatano yao ya kiuchumi ya kila miaka kumi, ambayo yangejadiliwa upya mwaka 1917, na hapo pangekuwa na kelele nyingi. Ujerumani kwenyewe, chama cha wafanyakazi kilikuwa na viti 110 bungeni tangu 1912, na wabunge wake hawakupenda kodi za kununulia silaha.

Walilipana kwa ardhi ya nani?

Ukiitazama mikataba hiyo, utaona kwamba kila wakubwa walipopatana, malipo yalitoka kwa mtu asiyekuwapo mezani. Mwaka 1890 Ujerumani iliikubali Uingereza kuwa mlinzi wa Zanzibar, nayo ikapata kisiwa cha Heligoland huko kwao kaskazini. Mwaka 1898 zikaandikiana kwa siri jinsi ya kugawana Angola na Msumbiji iwapo Ureno ingefilisika. Mwaka 1913 wakakaa tena kuirekebisha hati hiyohiyo.

Sisi wa Maziwa Makuu tuna karatasi yetu. Mwaka 1910 mjini Brussels, Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza zilikata mipaka ya Kivu. Kisiwa cha Ijwi kikaenda Kongo na Bufumbira, yaani upande wa Kisoro, ikaenda Uganda. Mwami Musinga wa Rwanda hakuitwa kwenye kikao. Hiyo haikuwa kazi ya vita, ilikuwa kazi ya amani yao.

Na wakati huohuo wa amani ya Ulaya, kati ya 1905 na 1907, vita ya Maji Maji ilikuwa ikiteketeza kusini mwa Tanganyika. Kwa hiyo tunaposema miaka ile ilikuwa ya amani, tuulize kwanza ilikuwa amani ya nani.

Upande wetu wa ziwa

Februari 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Maonyesho makubwa ya kuisherehekea yalipangwa kufanyika Dar es Salaam Agosti mwaka huo. Kazi ya reli nyingine, ya kutoka Tabora kuelekea kona ya mto Kagera mpakani mwa Rwanda, ilikuwa imeanza. Vita ikaisimamisha.

Meli ya Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 ikaletwa Kigoma vipandevipande, ingebeba mizigo na abiria tangu siku ya kwanza. Badala yake ilifungwa mizinga, kisha Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916. Waingereza waliiibua, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Miongoni mwenu wapo waliopanda meli hiyo mwaka 1997, ilipowarudisha wakimbizi wa Kongo kwao.

Bila vita, Rwanda, Burundi na Tanganyika zingebaki chini ya serikali moja ya Kijerumani. Rusumo na Kobero huenda pasingekuwa na forodha. Lakini vita ikaja, Wabelgiji wakaingia mwaka 1916, na Mei 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakagawana. Gisaka ikakatwa kutoka Rwanda, ikarudishwa miaka michache baadaye. Bugufi ikabaki Tanganyika, katika wilaya ya Ngara. Ndiyo maana Warundi waliokimbilia Ngara walikuta Wahangaza, ambao lugha yao haiko mbali na Kirundi.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba nawalilia Wajerumani. Kwanza, hakuna uhakika kwamba eneo letu lingebaki zima. Waliokuwa tayari kuigawana Angola wangeshindwa nini kuitoa Burundi kama chenji katika biashara nyingine?

Pili, ni baada ya vita ile ndipo nchi zetu zilipowekwa chini ya udhamini wa kimataifa. Kwa sababu hiyo Julius Nyerere aliweza kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1955, na uchaguzi wa Burundi wa Septemba 1961, ulioshindwa na chama cha Rwagasore, ulisimamiwa na Umoja wa Mataifa. Ureno, iliyokaa nje ya vita ya pili, iling'ang'ania makoloni yake hadi 1974. Wakoloni ambao hawakuchoshwa na vita wangetuachia lini?

Wala siisifu vita. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa, maradhi na mizigo. Jina la Kariakoo, mnakonunua vitenge, limetokana na kikosi chao.

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Mimi naongeza kwamba hata tembo wakipatana, wanalala juu ya nyasi zilezile. Mwaka 1964 viongozi wa Afrika waliokutana Cairo waliamua mipaka ibaki kama ilivyokutwa wakati wa uhuru, na nadhani walituepusha na damu nyingi. Kazi iliyobaki ni yetu: kila wanapokaa wakubwa, wawe wa mbali au wa hapa kwetu, kuzungumzia reli, bandari na madini, tuulize mapema kiti chetu kiko wapi, kabla wino haujakauka.