Muziki Upewe Kipindi Chake

Katika shule za msingi za Lisekese mjini Masasi, na za Newala juu ya uwanda wa Makonde, sauti za muziki hazikosekani. Wimbo wa taifa huimbwa mstarini, kwaya huitwa mgeni rasmi anapotarajiwa, ngoma hutolewa stoo mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yakikaribia. Lakini kwaya ya wageni si somo. Wenye sauti nzuri huchaguliwa, wengine hubaki watazamaji, na wanaotazama ndio wengi. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, na hilo ni jambo la kushukuru. Ombi langu ni kwamba ndani ya somo hilo muziki ufundishwe kweli, kwa kila mtoto, kila wiki.

Watetezi wengi wa muziki hukimbilia kusema kwamba unaongeza akili ya hesabu. Mwaka 2004, Glenn Schellenberg wa Kanada alichapisha utafiti kuhusu watoto 144 wa miaka sita. Waliofundishwa muziki walipanda kidogo zaidi ya wenzao katika vipimo vya akili. Tafiti za baadaye zimetilia shaka faida hiyo, na mimi nisingejenga hoja juu yake. Somo linalotetewa kwa kuwa linasaidia somo jingine litafutwa siku msaada huo utakapokanushwa. Thamani ya muziki iko ndani yake wenyewe. Tazama wapigaji wa sindimba: kila ngoma ina mapigo yake, hakuna mbili zinazosema jambo moja, na anayeharakisha huwavuruga wote pamoja na wachezaji. Mtoto hawezi kushika sehemu yake pasipo kuisikia ya mwenzake. Hapo anajifunza kusubiri zamu, kuhesabu kimoyomoyo, na kurekebisha kosa wakati kazi inaendelea. Hata darasa lenye watoto wengi, ambalo ni mzigo kwa mwalimu wa kusoma na kuandika, hapa lina manufaa, maana kuimba kwa kupokezana kunahitaji watu.

Walimu waliosomea muziki ni wachache, na piano hakuna. Ni kweli, ila uwanda huu una wachongaji na wawambaji wa ngoma, una mafundi wanaojua ngozi ipashwe moto kiasi gani ndipo itoe mlio unaotakiwa. Mzee wa namna hiyo akialikwa na kulipwa posho, mwalimu akasimamia, somo lina pa kuanzia. Wazazi wengine watahofia nyimbo za jando na unyago, na hofu yao ina msingi: zipo zenye mafunzo ya wakubwa, na zipo za siri ambazo wenyewe hawataki zitolewe nje. Hizo ziachwe huko huko. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi tangu 1926, hakulifuta jando; alichagua cha kubakiza na akalipatia sura ya Kikristo. Mtu anaweza kubishana na alichokichagua, lakini kwamba uchaguzi unawezekana, Masasi inajua tangu zamani.

Pingamizi zito zaidi ni mtihani. Shule husifiwa au kulaumiwa kwa matokeo, na mwalimu mkuu aliyebanwa atakihamishia kipindi cha muziki kwenye hisabati. Simlaumu. Lawama ni ya wanaompima, nao wanaweza kurekebisha: mkaguzi anayeulizia madaftari ya hisabati aombe pia kusikia darasa zima likiimba na kupiga, si kwaya iliyoteuliwa. Kenya ina tamasha la muziki lililoanza 1927, na shule zake hujiandaa kwa bidii kwa sababu kazi yao inasikilizwa na kupewa alama. Na kwa kuwa kwa desturi wapigaji ngoma wengi ni wanaume, shule ya umma ndiyo mahali ambapo msichana wa Newala anaweza kukabidhiwa ngoma kama mvulana, bila kuomba ruhusa ya mtu.