Nairobi yatembea kwa miguu, lakini njia zi wapi?

JE, msomaji, umewahi kusimama kando ya Barabara ya Gitanga mwendo wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi? Ikiwa bado, jaribu siku moja. Utauona msururu wa watu kutoka Kawangware wakielekea Valley Arcade na Kilimani: mayaya, walinzi, vijana wa mjengo wenye nguo za kazi begani, wanafunzi. Wakati uo huo wenzao wa Kangemi wanafuata Waiyaki Way kwenda Westlands, na wale wa Kibera wanapanda Upper Hill ama wanafuata reli.

Hawa si watu wanaotembea ili wapunguze unene. Nauli ya matatu ya kwenda na kurudi ndiyo unga na sukuma wiki ya jioni. Uchunguzi wa usafiri jijini umeonyesha mara kwa mara kwamba takriban safari nne kati ya kumi hufanywa kwa miguu. Hata hivyo, ukizitazama barabara zetu utadhani kila mkazi wa Nairobi alizaliwa ameshika usukani.

Chanzo cha mambo haya ni cha zamani. Mpango Mkuu wa 1948 uliichora Nairobi kama makao makuu ya koloni. Wazungu walikaa magharibi, kwenye baridi na udongo mwekundu, katika viwanja vipana. Waafrika wakawekwa mashariki. Bwana wa Lavington au Kileleshwa alikuwa na gari, na mpishi wake alilala nyuma ya nyumba. Nani basi angehitaji njia ya miguu? Ua wa michongoma ukapandwa hadi karibu na lami. Siku hizi nyumba nyingi za aina ile zimebomolewa na maghorofa yakasimamishwa. Michongoma imegeuka ukuta wa mawe, na mpita njia angali anabanwa palepale.

Tusiseme hakuna lililofanywa. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara kwa wenye miguu na wenye baiskeli. Mwaka wa 2019 Luthuli Avenue, ambayo hapo awali ilikuwa vita vya matatu, mikokoteni na spika za wauza redio, ilipanuliwa vijia vyake na kupandwa miti kwa usaidizi wa UN-Habitat. Kisha, mnamo 2020 na 2021, ikawa zamu ya Kenyatta Avenue, Muindi Mbingu na Wabera. Mzazi akipita Wabera na watoto hana haja ya kuwashika kola kila hatua.

Taabu ni kwamba vipande hivi havikutani. Barabara ya Ngong ilipopanuliwa ilipewa njia ya baiskeli, na ni njia nzuri kweli, lakini mara utakuta pikipiki za bodaboda zimeegeshwa juu yake, mara mwenye vitanda na makochi ameanika bidhaa zake. Simlaumu sana fundi huyo. Naye hakutengewa pahali. Lakini mwendesha baiskeli hulazimika kurudi barabarani katikati ya mabasi, na hapo ndipo roho huwa mkononi. Kila mwaka wanaotembea kwa miguu huwa ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa na ajali za barabarani nchini.

Kule Waiyaki Way nako, barabara kuu ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ilifunguliwa 2022. Juu yake huruhusiwi kwenda kwa miguu, kwa baiskeli wala kwa pikipiki. Ilipokuwa ikijengwa, kulikuwa na mgumo mmoja mkubwa uliokuwa karibu kung'olewa. Watu walilalamika, na Novemba 2020 ukatolewa amri ya Rais ya kuulinda. Nilifurahi. Lakini nilijiuliza pia ni lini mtu wa Kangemi anayepita chini ya barabara ile atapata amri kama ya mti.

Sasa hebu fikiria jambo moja. Mabonde ya magharibi karibu yote huteremka kuelekea mjini. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hushuka hadi Chiromo, hupita chini ya Museum Hill, kisha hufika Globe. Kirichwa Kubwa hupitia Kileleshwa na kuambaa Arboretum. Ufuo wa mto hauna mlima, hivyo baiskeli haikuchoshi, na hauna matatu. Yaani mito yetu imekwisha kuchora njia zilezile ambazo wafanyakazi huzifuata kila asubuhi.

Kwamba yawezekana, tumeona. Bustani ya Michuki, ufuoni pale Globe, ilianzishwa mwaka wa 2008 mahali ambapo watu walikuwa wakipita wakishika mifuko yao. Msitu wa Karura nao ulinusurika unyakuzi wa ardhi kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mnamo Januari 1999. Leo una zaidi ya kilomita 50 za vijia vya kutembea na kuendesha baiskeli. Lakini Karura na Arboretum zina malango na viingilio. Ni pazuri kwa Jumapili na watoto. Yaya anayewahi kazi Jumatatu hawezi kulipa kiingilio ili akatize.

Machi 2025 serikali ilizindua mradi wa kuusafisha Mto Nairobi, na katika ahadi zake kuna njia za kutembea na kuendesha baiskeli ukingoni. Hapo ndipo penye utata. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, nyumba za Mathare na Mukuru zilizokuwa karibu na mito zilibomolewa, na familia zikalala nje. Huku magharibi kuna kuta zilizoteremka hadi majini, zenye kamera na mbwa. Je, tingatinga litafika huko pia, ama njia itakatika ikifika kwa mwenye nacho?

Kuna jambo jingine lisilohitaji hata saruji. Jijini Bogotá, Kolombia, tangu 1974 barabara hufungiwa magari kila Jumapili watu wakatembea. Kigali ina siku zake tangu 2016. Hapa kwetu ilitangazwa Januari 2019 kwamba magari yasiingie katikati ya jiji Jumatano na Jumamosi. Agizo hilo liliahirishwa kabla halijaanza.

Kila mwaka kaunti huitisha vikao vya wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, na viti vingi huwa vitupu. Ukihudhuria, nenda na swali moja: ile asilimia 20 ya mwaka wa 2015, mwaka huu imo katika ukurasa gani? Na wewe mwanafunzi, chukua karatasi uchore njia unayopita kutoka nyumbani hadi shuleni, utie alama kila mahali unapolazimika kushuka barabarani. Mpe mwakilishi wa wadi yako nakala.